Ufundi wa kujenga tovuti hupatikana kwa kukosea na kusahihisha

SUBUKIA ni bonde la wakulima na wafugaji. Barabara itokayo mjini Nakuru kuelekea Nyahururu hulipitia, na kila mwaka waumini wa Kanisa Katoliki kutoka pembe zote za Kenya hufurika huko kwa maombi ya kitaifa katika madhabahu ya Bikira Maria. Siku nyinginezo, mazungumzo ya wakazi huhusu mahindi, mvua na bei ya maziwa.

Katika mazingira kama hayo, kijana akimweleza mzazi wake kwamba anajifunza kujenga tovuti, huenda akaulizwa swali moja tu: utamjengea nani? Swali hilo huonekana la kumkatisha tamaa. Hata hivyo, ndilo hasa linalopaswa kutangulia somo lenyewe.

Vijana wengi huanza kwa njia nyingine. Hutafuta masomo ya video, wakayatazama moja baada ya jingine, wakamaliza bando na hata kupata vyeti. Siku wanapoketi peke yao mbele ya tarakilishi, ukurasa ukiwa mtupu na mwalimu hayupo, hawajui pa kuanzia.

Kiini cha tatizo hilo si uhaba wa akili. Kumtazama fundi akifanya kazi ni jambo moja, na kuifanya ni jambo jingine. Hakuna aliyejua kukamua ng'ombe kwa kusimama kando ya zizi akitazama. Sharti ashike ndoo, apigwe teke, maziwa yamwagike, kisha ajue siku ya pili asimame upande gani.

Ujenzi wa tovuti ni ufundi wa namna hiyo hiyo. Mwanafunzi huujua kwa kuwa na mradi wa kweli mikononi, kukosea, kutafuta chanzo cha kosa na kulisahihisha. Jambo la kuzingatia ni kwamba makosa hayo yafanyike mapema na mahali ambapo hayamuumizi mtu.

Lugha tatu za kuanzia

Tovuti, kwa asili yake, ni mafaili yaliyowekwa katika tarakilishi maalumu iitwayo seva, ambayo huwashwa usiku na mchana. Msomaji anapoandika anwani kwenye simu yake, kivinjari hutuma ombi kwa seva hiyo, nayo hujibu kwa kutuma mafaili. Kivinjari huyasoma na kuyageuza kuwa ukurasa unaoonekana machoni.

Mafaili hayo huandikwa kwa lugha tatu kuu. HTML hueleza kilichomo: kichwa cha habari ni kipi, aya ni ipi, picha ikae wapi. CSS hueleza sura: rangi, ukubwa wa herufi na mpangilio. JavaScript hueleza matendo: nini kitendeke mtu akibofya kitufe au akijaza fomu.

Lugha hizi zenyewe zilizaliwa kutokana na miradi iliyokuwa na haja ya haraka. Tim Berners-Lee, mwanasayansi Mwingereza, alipendekeza mtandao wa wavuti mwaka 1989 akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN nchini Uswisi, kwa sababu watafiti walikuwa wakipoteza taarifa zao. Tovuti ya kwanza ilitangazwa kwa umma mwaka 1991.

JavaScript nayo iliundwa na Brendan Eich mwaka 1995 kwa muda wa siku 10 pekee, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Netscape. Haraka hiyo iliacha kasoro ambazo wajenzi wa tovuti hukutana nazo hadi leo, kama itakavyoonekana hapa chini.

Jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui ni kwamba somo la mwanzo halihitaji bando. Faili la HTML laweza kuandikwa kwa programu ya kawaida ya maandishi, likahifadhiwa kwenye tarakilishi au simu, na kufunguliwa na kivinjari pasipo intaneti hata kidogo. Kwa anayeishi mahali ambapo mawimbi ya simu hufifia kila avukapo kilima, hilo si jambo dogo.

Mradi wa maziwa

Chukua mfano wa kikundi cha wafugaji 30 wanaokusanya maziwa yao pamoja. Rekodi zao zimo katika daftari moja ambalo karani hulibeba chini ya kwapa. Kijana anayejifunza aamua kuwajengea tovuti ya kuonyesha ratiba ya gari la maziwa, bei ya lita, na baadaye hesabu ya kila mwanachama. Mradi ni mdogo, lakini umebeba karibu kila kosa ambalo mjenzi wa tovuti hana budi kulipitia.

Kosa la kwanza huwa la picha. Ukurasa unapofunguliwa kwenye tarakilishi ya kijana, picha ya ng'ombe yaonekana vizuri. Ukipelekwa kwenye seva, picha yatoweka. Kijana hukagua mara tatu na kuapa kwamba hajabadilisha chochote.

Sababu ni kwamba faili liliitwa "Maziwa.JPG" ilhali ndani ya ukurasa aliandika "maziwa.jpg". Tarakilishi zinazotumia Windows kwa kawaida hazibagui herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili, lakini seva nyingi hutumia mfumo wa Linux, ambao hubagua. Aliyepoteza jioni nzima kwa kosa hili huandika majina yote kwa herufi ndogo maisha yake yote. Aliyelisoma tu kitabuni hulisahau kesho yake.

Kosa la pili ni la uzito. Picha iliyopigwa kwa simu ya kisasa yaweza kuwa na megabaiti 4. Picha tano za namna hiyo ni megabaiti 20. Mfugaji aliyenunua bando la megabaiti 50 atatembelea ukurasa huo mara mbili, na ya tatu bando litakatika kabla ya kujua bei ya lita.

Picha hizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 100 kila moja, ukurasa mzima wabaki na uzito wa nusu megabaiti hivi, yaani mara 40 chini ya ule wa awali, na macho hayataona tofauti kubwa kwenye kioo kidogo cha simu. Hapo kijana hujifunza kwamba tovuti hujengwa kwa ajili ya simu ya mgeni na mfuko wake. Kipakatalishi cha mjenzi si kipimo.

Kosa la tatu ni la saa. Kijana aandika kwamba gari la maziwa hupita saa 2:00 asubuhi. Yeye alikuwa na maana ya saa mbili, kwa hesabu ya Waswahili inayoanzia macheo. Saa ya tarakilishi huhesabu kuanzia usiku wa manane, na kwayo wakati huo ni 8:00. Programu ya kuwakumbusha wafugaji ikifuata maandishi yake, ujumbe utawaamsha saa nane za usiku.

Tarehe nazo zina mtego wao. Maandishi 03/04 humaanisha tarehe 3 Aprili kwa Mkenya, na Machi 4 kwa Mmarekani. Programu nyingi zilitungwa Marekani, na mjenzi asipozieleza bayana atakachotaka, zitafuata desturi ya kwao.

Mahali ambapo kosa huwa fedha

Hadi hapo makosa yamekuwa ya kuudhi tu. Kuanzia sasa yanagusa mfuko wa mtu.

Mfugaji amepeleka lita 12 asubuhi na lita 8 jioni. Karani azijaza katika fomu, na JavaScript yaagizwa kujumlisha. Jibu latokea: 128. Kijana hushangaa jinsi mashine inavyoweza kushindwa na hesabu ya darasa la kwanza.

Mashine haijashindwa. Chochote kinachojazwa katika fomu huchukuliwa kuwa maandishi, hata kikiwa tarakimu. Katika JavaScript, alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi huyaunganisha, na 12 ikifuatwa na 8 huwa 128. Mjenzi hupaswa kuyageuza maandishi kuwa namba kwanza.

Iwapo lita ni Sh45, mfugaji huyo angestahili Sh900 lakini tovuti ingemwandikia Sh5,760. Kosa kubwa kama hilo hugunduliwa upesi kwa sababu halifichiki. La hatari zaidi ni lile dogo.

Ukiiagiza JavaScript ijumlishe 0.1 na 0.2, hujibu 0.30000000000000004. Hii ni kwa sababu tarakilishi huhifadhi namba kwa mfumo wa mbili, na baadhi ya desimali haziwezi kuandikwa kikamilifu humo, kama vile theluthi moja isivyoweza kumalizika ikiandikwa kwa desimali za kawaida. Tofauti ni ndogo mno, lakini ikirudiwa katika maelfu ya hesabu na kukadiriwa ovyo, daftari halitalingana na fedha zilizoko. Ndiyo maana mafundi wazoefu huhesabu fedha kwa senti nzima, si kwa shilingi zenye desimali.

Namba ya simu ni mtego mwingine. Ikihifadhiwa kama namba ya hesabu, sifuri ya mwanzo hudondoka, kwa kuwa mbele ya namba sifuri haina thamani. Malipo yanayotegemea namba hiyo hukwama, na mwanachama huanza kushuku kwamba karani amemla.

Baya kuliko yote ni la hifadhidata. Kijana ataka kumfuta mwanachama mmoja aliyehama. Aandika amri ya kufuta na kusahau kueleza ni nani afutwe. Kwa sekunde moja, wafugaji wote 30 watoweka pamoja na hesabu zao, na mashine haitauliza mara mbili.

Ikiwa majina hayo yalikuwa ya mfano tu, kijana atajisonya na kuanza upya. Ikiwa ndiyo daftari pekee la kikundi, hapo jamii imepoteza ushahidi wa jasho la mwezi mzima. Hii ndiyo sababu kanuni mbili hutiliwa mkazo: fanya majaribio kwa rekodi za kubuni, na weka nakala ya akiba kabla ya kubadilisha chochote. Mfumo uitwao Git, uliotungwa na Linus Torvalds mwaka 2005 na hutolewa bure, humwezesha mjenzi kurejea hali ya awali ya misimbo yake kila anapopotea. Kwa rekodi za hifadhidata, nakala ya akiba hubaki kuwa ya lazima.

Tovuti iliyozaliwa na machungu

Mfano mashuhuri wa mradi uliojengwa kwanza na kurekebishwa baadaye ulichipuka kutokana na yaliyotokea nchini Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika ghasia zilizofuata, na Bonde la Ufa, ikiwemo Nakuru, ni miongoni mwa maeneo yaliyoathirika vibaya. Serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na habari za kuaminika zikawa adimu.

Mapema Januari 2008, mwanasheria Ory Okolloh aliuliza kupitia mtandao iwapo kuna wataalamu wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali ghasia zilipotokea. Waliojitokeza ni pamoja na David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich. Katika muda wa siku chache tovuti ya Ushahidi ilikuwa hewani, ikipokea taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani.

Haikuwa kamilifu. Ilijengwa kwa ajili ya tukio moja na nchi moja, na swali la jinsi ya kuthibitisha taarifa za watu wasiojulikana liliwakabili waasisi wake papo hapo. Lakini kwa kuwa ilitumika kweli, kasoro zake zilijulikana, na baadaye ikajengwa upya ili watu wa nchi nyingine waweze kuitumia bila malipo.

Tetemeko la ardhi lilipoiangamiza Haiti mnamo Januari 2010, programu hiyo hiyo ilitumiwa kukusanya taarifa za walionaswa na waliohitaji msaada. Mwaka huo Kobia alitunukiwa na jarida la Technology Review la chuo cha MIT, Marekani, kwa huduma yake kwa binadamu.

Kama waasisi hao wangesubiri hadi wajue kila kitu, ramani hiyo isingekuwepo wakati ilipohitajika.

Mlango ulioachwa wazi

Hata hivyo, kusifu makosa kuna mpaka wake. Mnamo Januari 2012, tovuti 103 za serikali ya Kenya zilivamiwa katika usiku mmoja na mdukuzi aliyejitambulisha kuwa wa Indonesia. Julai 2023, huduma za eCitizen, zinazotegemewa na wananchi kwa pasipoti, leseni na vyeti, zilitatizwa na shambulizi lililofurika mitambo kwa maombi ya uongo.

Matukio hayo yaonyesha kwamba tovuti ikishawekwa hadharani, wanaoijaribu si marafiki pekee. Fomu ya kuingiza jina isipokaguliwa, mhalifu aweza kuandika humo amri za hifadhidata badala ya jina, na seva ikamtii. Nywila zikihifadhiwa jinsi zilivyoandikwa, anayeiba faili moja huwa ameiba funguo za watu wote.

Sheria nayo haimwangalii mjenzi kama mwanafunzi. Tangu Kenya ilipopitisha Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019, anayekusanya majina, namba za simu na taarifa nyingine za watu ana wajibu wa kuzilinda na kueleza anazitumia kwa shughuli gani. Kijana anayejengea kikundi cha kina mama tovuti ya akiba anapaswa kulijua hilo kabla ya kumwomba mtu namba ya kitambulisho.

Kwa hivyo ngazi ya miradi ina umuhimu. Kwanza ukurasa wa ratiba, ambao ukiharibika hakuna anayepoteza kitu. Pili, kikokotoo cha lita na shilingi, kinachotumiwa sambamba na daftari la karani kwa miezi kadhaa hadi hesabu zilingane. Mwisho kabisa ndipo hifadhidata ya watu halisi, na hata hapo baada ya mtu mzoefu kuikagua. Usipoziba ufa, wahenga walisema, utajenga ukuta.

Jinsi ya kulisoma kosa

Kukosea pekee hakufundishi. Yuko anayerudia kosa lile lile mwaka mzima. Kinachofundisha ni jinsi kosa linavyochunguzwa, na uchunguzi huo una taratibu zake.

Kwanza, usome ujumbe wa kosa. Wanafunzi wengi huona maandishi mekundu na kuyafunga kwa hofu, ilhali mara nyingi maandishi hayo hutaja faili na mstari wenye hitilafu. Hitilafu yenyewe yaweza kuwa mstari mmoja juu yake, pale alama ya kufunga iliposahauliwa.

Pili, ubadilishe jambo moja kwa wakati. Anayebadilisha mambo matano kwa pamoja, hata tovuti ikipona, hatajua ni dawa ipi iliyoponya.

Tatu, uandike. Daftari la makosa lenye tarehe, dalili, chanzo na tiba ni mali kuliko cheti. Mwajiri au mteja akiuliza kijana anajua nini, daftari hilo pamoja na tovuti inayofanya kazi humjibu.

Nne, umweleze mwingine tatizo lako kwa maneno, hata kama si mtaalamu. Mara nyingi kosa hujifichua katikati ya maelezo, kabla ya msikilizaji kufungua kinywa.

Wataalamu wa fani hii huyaita makosa ya programu "wadudu". Mnamo Septemba 1947, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo amenaswa ndani ya tarakilishi yao, wakambandika katika kitabu cha kumbukumbu kwa utani kwamba hatimaye wamempata mdudu halisi. Jina hilo lilikuwa likitumiwa na wahandisi tangu zamani, lakini kitendo cha kumhifadhi nondo huyo na kuandika tarehe ndicho cha kuigwa.

Mashine zinazoandika

Tangu mwishoni mwa 2022, programu za akili bandia kama ChatGPT zimeweza kuandika misimbo ya tovuti nzima kwa dakika chache. Baadhi ya wanafunzi hujiuliza iwapo kuna haja tena ya kutaabika.

Haja ipo, na pengine imeongezeka. Mashine hizo hukosea kwa ufasaha, zikatoa misimbo inayoonekana safi lakini yenye mlango wazi. Asiyewahi kuona lita 12 na 8 zikiwa 128 hatajua kwamba anapaswa kukagua. Aliyewahi kufuta hifadhidata yake mwenyewe ataisoma amri ya kufuta mara mbili, iwe imeandikwa na binadamu au na mashine.

Kwa wasio na karo, masomo hayajakosekana. Shirika la freeCodeCamp, lililoanzishwa mwaka 2014, hufundisha bila malipo, na mafunzo yake hujengwa juu ya miradi ambayo mwanafunzi huikamilisha kwa mikono yake. Lakini hata huko, mradi wa kuigiza haulingani na wa jirani anayesubiri malipo ya maziwa yake.

Hapo ndipo kijana wa Subukia ana nafasi ambayo wengi mijini hawana. Anawajua watu wa tovuti yake kwa majina. Hesabu ikikosewa, atasikia asubuhi hiyo hiyo kwenye kituo cha maziwa, pengine kwa ukali. Akirejea nyumbani, akatafuta chanzo, akarekebisha, kisha kesho yake mfugaji akakuta shilingi zake ziko sawa, atakuwa na jibu la kumpa mzazi aliyemuuliza anamjengea nani.